Mti wa Bo Ukutani na Harusi Chini ya Tuta

Mpendwa Akka Indrani, naomba unisaidie, maana nina siri ambayo nikiisema nitaaibika na nikinyamaza kijiji kizima kitakosa mpunga, na sauti yako naisikia redioni kila asubuhi nikipepeta mchele, nikaona heri nikuandikie wewe kuliko kumwambia jirani.

Mimi ni mjane, nyumba yangu iko chini kabisa ya tuta la bwawa letu, mahali ambapo zamani palikuwa mashamba matupu na sasa tumejaa hadi shule ya chekechea ipo, na nina binti mmoja tu, Thushari, ambaye posa zake zilikuwa zinakuja na kurudi, huyu nyota hazikulingana, yule alitaka kwenda naye mjini mimi nibaki peke yangu, mpaka nikakata tamaa. Sasa mwisho wa tuta, kwenye ukuta wa mawe ambapo maji ya ziada humwagikia, ulikuwa umechipua mti mdogo wa Bo, mti wa Buddha, nikasema moyoni mti mtakatifu hauoti mahali bure, basi nikaweka nadhiri, kila siku ya Poya mwezi ukijaa nikawa naumwagilia maji mapema kabla watu hawajaenda hekaluni, nikimwombea binti yangu mume atakayekubali kuhamia kwetu, na Akka, akapatikana, Priyankara, mtoto wa tano wa Mama Leelawathie wa ng'ambo ya bwawa, kijana mpole, akakubali ndoa ya binna bila kinyongo, aje yeye akae kwetu.

Furaha yangu haikudumu. Akaja mhandisi, binti mdogo tu kutoka mji wa Kurunegala, anakagua mabwawa yote ya wilaya na kuyapanga kwa madaraja ya hatari, akatuita kwenye ukumbi wa hekalu akasema letu limewekwa daraja la juu kabisa. Aliendelea kueleza maana ya daraja hilo lakini nani alisikia, watu walishaanza kuwaza vyombo watahamishia wapi, na Mama Leelawathie akanigeukia mbele ya kadamnasi akasema, "Dada, bwana harusi wa binna desturi yake ni kuja na fimbo, mwavuli na mwenge, ili akifukuzwa usiku aione njia. Sasa wangu nimwongezee na mtumbwi?" Watu wakacheka, mimi nikatamani ardhi inimeze. Harusi imesimama, anasema, mpaka bwawa lishushwe daraja.

Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Mhandisi alisema tuta lenyewe ni zima, kibaya ni ule ukuta, mizizi ya Bo imeingia kati ya mawe inayaachanisha, na mti usipoondoka kabla ya mvua za msimu wa Maha, bwawa halitajazwa zaidi ya nusu, na bwawa nusu ni mpunga nusu. Shemeji yangu Ukkubanda, mwenyekiti wa wakulima, akasema Bo uliojiotea tu unaweza kuombewa ruhusa, lakini huu kuna mtu anautunza, udongo wake mbichi hata kiangazi, mti una nadhiri ya mtu, na mpaka mwenyewe aifungue hakuna mkono utakaougusa. "Ajitokeze," akasema. Mimi nikaangalia miguu yangu. Nikijitokeza, Mama Leelawathie atasema ni mimi niliyemwagilia maji balaa la mwanawe, na mti ukiondoka naogopa utaondoka na bahati ya binti yangu. Nifanyeje, Akka?

Mama wa Chini ya Tuta

Akka Indrani anajibu

Mama, pole. Pumua kwanza, halafu univumilie nikukaripie kidogo, maana mlijaa ukumbi mzima na hakuna aliyemsikiliza yule binti hadi mwisho.

Daraja la hatari halisemi bwawa ni bovu. Linasema bwawa likipasuka, nani ataumia. Sufuria ya maji ya moto kwenye nyumba ya kapera ni sufuria tu. Ipeleke kwenye nyumba yenye watoto wanaotambaa, ni sufuria ileile, ila sasa mtu mwenye akili haipi mgongo. Bwawa lenu limepandishwa daraja kwa sababu ninyi mko hapo chini, pamoja na watoto wa chekechea. Palipokuwa mashamba matupu nani alikuja kulikagua? Sasa watakuja mara kwa mara, nawe unalia kwa kuwa hatimaye wamekuona. Mwambie Mama Leelawathie daraja hilo halishuki labda mhame wote, kwa hiyo akilingojea, mwanawe ataoa akiwa na mvi. Cha kuuliza ni hali ya bwawa, na hali mmeambiwa: tuta zima, ukuta una ufa. Ufa unazibika.

Tuje kwenye nadhiri. Uliomba mkwe, umepewa mkwe. Mti umemaliza kazi yake, wewe ndiye hujamaliza yako. Nadhiri iliyojibiwa hufungwa kwa shukrani, haiendelezwi kwa maji mpaka ukuta uanguke. Na nani amesema mti ukatwe? Bo mchanga ulioota ukutani huhamishwa. Mtawa husoma pirit, sala za kinga, mawe hufunguliwa taratibu, mizizi hutolewa mizima, na mti hupandwa uani mwa hekalu. Nimeshuhudia zaidi ya mmoja, na hustawi huko kuliko ulivyokuwa.

Lakini hautahama wewe ukiwa kimya. Mficha uchi hazai. Unaogopa ulimi wa mama mmoja wakati maji ya bwawa zima yako juu ya kitanda cha binti yako? Hapo umenikasirisha kwa kweli. Kesho vaa nyeupe, chukua maua, nenda kwa mtawa umweleze kabla hujamweleza mwingine yeyote, kisha mwone shemeji yako. Bwawa lipunguzwe kwanza, na mhandisi awepo mawe yanapofunguliwa, msilete fundi wa kubahatisha. Ukuta ukishasimama ndipo mzungumze harusi. Mama Leelawathie akisema, mwache aseme. Maneno hayapasui tuta.

Barua ya pili, iliyofika msimu wa mvua

Akka, ukuta umejengwa upya, bwawa limejaa hadi juu na nimelala usingizi ambao sikuujua tangu nifiwe, lakini lazima nikusimulie siku ya kuhamisha mti.

Kijiji kizima kilisimama juu ya tuta. Mtawa akaomba mwenye nadhiri yoyote kwenye mti huu aje mbele aifungue. Nikatembea, sikumtazama mtu. Nikasikia hatua nyuma yangu, kisha nyingine. Tulifika wanawake sita. Mhandisi alishika kiuno akasema sasa anaelewa kwa nini mti ulinawiri vile kiangazi.

Wa mwisho kufika alikuwa Mama Leelawathie, kopo la maji mkononi. Akasimama kando yangu, akatazama mbele. Nikamnong'oneza, nikamuuliza yeye aliomba nini.

"Watoto watano wa kiume, vyumba viwili," akasema. "Niliomba mmoja apate kwa kwenda."