Makopo ya Povu na Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 2 Julai 1956

Daftari hili nimeliiba stoo ya shule. Mtunza stoo ni mimi, basi nimejiibia na nimejisamehe. Mjerumani alinifundisha kuandika madarasa matatu, vita vikamwondoa kabla ya la nne. Yaliyobaki nimejifunza kwa umbea.

Leo Mwalimu Tekla kaingia na kapu la vyombo. Binti wa Masasi huyu, mwanamke wa kwanza kufundisha sayansi hapa Sudi. Jumanne ya wiki ijayo mkaguzi Mzungu anakuja kutoka Lindi, na Tekla anataka darasa la sita wamwonyeshe povu. Unachukua dawa ya kuoshea vidonda, ile kali ya dispensari isiyotiwa maji. Unatia sabuni. Unatia hamira iliyolowekwa — povu linapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Kila kundi la watoto litashika chombo chake mikononi, Mzungu apite akitazama.

Shida ni chombo. Hedimasta Abilahi anataka vyombo vya kioo tu. Kaleta chupa ya soda, ile yenye gololi shingoni. Nikamwuliza, hiyo ikishiba itacheulia wapi? Kasema, Mzee Tawakali, kazi yako ni funguo.

Tukaijaribu nyuma ya ukuta wa choo. Povu likasukuma gololi, gololi ikaziba koo. Paa! Vioo mpaka kwenye mapapai. Hedimasta alikaa chini na kaptula yake nyeupe.

Mimi sikushtuka. Wala sikucheka. Zamani kaptula ile ingenitosha kicheko cha wiki nzima.

Jumanne, 3 Julai

Vya mdomo mpana tu sasa, Tekla kaamua, povu lisikose njia. Tumepima saba: chupa nne za jemu, makopo mawili ya samli, kikombe kimoja cha bati. Dawa hii ikichanganyika hutoa moto, kwa hiyo lazima tujue chombo kipi kitamwunguza mtoto. Yeye kashika saa na kalamu. Mimi namimina kwa mkono wa kulia, nashika chombo kwa wa kushoto.

"Babu, kina moto?"

"Baridi."

"Hakika?"

"Baridi kama salamu ya mkwe."

Anacheka, anaandika, anachora kwa chaki: SALAMA. Vyote saba.

Nikamwambia angetumia vifuu vya nazi tu, vimejaa jikoni kwa kila mtu. Hedimasta alikuwa anapita, kasema tukimpa Mzungu vifuu atadhani yuko Sudi. Nikamwuliza, kwani atakuwa wapi? Akashika njia yake. Huwa hajibu maswali mepesi.

Alhamisi, 5 Julai

Kazija, mke wangu, alikuwa ananimiminia maji ya kunawa. Akaukamata mkono wa kushoto, akaugeuza.

"Umeungua."

Nikasema, wapi? Kiganjani kuna malengelenge mawili, moja kubwa kama korosho, jingine limekwisha pasuka.

"Umeungua lini?"

Nikasema sijui. Kweli sijui.

Kidole kidogo nilikijua. Kimekufa tangu masika, na baka jeupe juu yake mkononi nilimwambia Kazija kuwa ni mba. Lakini kiganja chote! Mkono unafungua kufuli, unabeba ndoo, unasalimia watu. Nani angeuuliza kama una habari?

Kazija hakupiga kelele. Kafunga kitambaa. Kasema kwa sauti ndogo: "Huo ukoma, baba. Usimwambie mtu. Watakupeleka kambini kwa wakoma, mimi nibaki na kuku."

Nikamwambia kuku wana mazungumzo mazuri kunishinda. Hakucheka. Kakaza fundo mara ya pili.

Nilikaa barazani kuingoja hofu. Alasiri imepita, haikuja. Nimekaa tu, kama gunia.

Kilichokuja ni hesabu ya vyombo. Saba. Vyote vimepimwa na mkono huu. Vyote vimeandikwa salama. Na Jumanne watoto watavibana viganjani wasivitupe, kwa sababu Mzungu anatazama.

Ijumaa, 6 Julai

Nimepata akili. Kabla ya swala nilipanga vyombo vyote saba kwenye sinia, nikatoka navyo uwanjani, nikajikwaa. Hapakuwa na kitu cha kujikwaa, nikajikwaa hivyo hivyo.

Chupa za jemu, nne, kwisha. Makopo yakabiringika mpaka miguuni pa Tekla, kikombe kikayafuata. Chaki juu: SALAMA, SALAMA, SALAMA. Bati! Linalopitisha moto kuliko vyote. Madarasa matatu ya Mjerumani na nimesahau kwamba bati halivunjiki.

Hedimasta kasema mzee kalewa. Sikukana. Mlevi hapelekwi kambini.

Tekla hakunigombeza. Kaokota, kapangusa vumbi. "Usijali, Babu. Vimebaki vitatu. Basi makundi yatakuwa matatu."

Jumamosi, 7 Julai

Nimekula, nadhani. Kufuta chaki hakusaidii. Tekla ameshaandika kwenye daftari lake.

Jumapili, 8 Julai

Nimekwenda kwa Tekla. Alikuwa anachagua mchele.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Mwalimu, makopo yako yana moto."

"Si ulisema baridi?"

"Kwangu mimi hata jiko ni baridi."

Akacheka. Ndiyo hasara ya kutania watu maisha yote, siku ukisema kweli wanashika mbavu. Nikafungua kitambaa. Nikaomba pini, nikaidunga kiganjani mpaka ikasimama yenyewe, huku namwuliza mchele huu wa wapi.

Kaacha kucheka. Karudi nyuma hatua moja. Niliiona. Halafu kaisogeza tena mbele, ile ile moja.

"Tangu lini?"

"Masika."

Hakusema pole. Kasema chukua funguo. Tukaenda shule wawili tu. Kachanganya dawa kwenye kopo la samli, kagusa kwa kidole — akaruka, kidole mdomoni. Kafuta chaki kwa mkono wa gauni. La pili vile vile. Kikombe ndiyo usiseme. Nikamletea kifuu kutoka jikoni. Kakikumbatia kwa viganja viwili mpaka povu likalala.

"Vifuu," kasema.

"Hedimasta atanuna."

"Anune." Kisha, bila kunitazama: "Na kesho mimi na wewe dispensari, kwa dresa, yule mfunga vidonda."

Nikamwambia Kazija kakataza.

"Bibi unakula naye sinia moja, Babu?"

Moja. Miaka thelathini na minane, sinia moja.

Jumatatu, 9 Julai

Dispensari. Naandikia kwenye benchi. Mkono wa kushoto umelala pajani kama paka wa jirani. Sikumuaga Kazija. Nilimwambia nakwenda kununua chumvi, akanitazama sana, akanipa kikapu.

Dresa ni Yahya, baba yake alikuwa mtani wangu. Kachukua unyoya wa kuku. Kasema, fumba macho, Mzee wangu, kila nikikugusa sema "hapo". Basi! Kazi gani hiyo? Nikafumba. Nikangoja kidogo, nikasema hapo. Nikahesabu mpaka tatu — hapo. Nikapumua — hapo, na hapo tena. Nilijisifu moyoni. Nikafumbua.

Yahya kakaa, mikono kifuani. Unyoya uko mezani.

"Sijaanza, Mzee."

Nilitaka kucheka. Mdomo ukafunguka, basi.

Sasa katoka kuwaambia wagonjwa wengine wangoje. Akirudi tunaanza kweli, na Tekla atanifumba macho kwa viganja vyake, kwa sababu kasema haniamini hata chembe. Ameshakiweka kimoja usoni, kujaribu kama kinaenea. Kina joto. Hilo nimelijua bila kumwuliza mtu.

Yahya huyo mlangoni. Tekla kasema weka kalamu, Babu. Nimemwambia ngoja kwanza nimalize ku