Mashimo ya Baba

Jumatano, Lyamkena. Baridi ya leo haina adabu. Ukungu haujainuka tangu asubuhi, na hata sasa ninapoandika nimejifunga kitenge juu ya sweta. Chai nimeimimina mara mbili, na mara zote mbili imepoa kabla sijaimaliza.

Nimerudi kutoka kijijini kwetu, ng'ambo ya Njombe, karibu na misheni. Nimemkatalia baba yangu mbele ya watu.

Nataka kuyaandika yalivyotokea, kabla sijaanza kujitetea.

Tangu lile tetemeko kubwa kazi yangu ni moja, kurudisha umeme. Mimi ni fundi wa laini, wale wanaopanda nguzo. Mnaopita kwenye blogu hii kusoma mnajua, maana kila siku mnaniuliza "kwetu lini?" kana kwamba umeme nimeuficha chini ya kitanda. Tulianza na kituo cha kupozea umeme, ambako vikombe vya kushikilia waya vilipasuka na transfoma moja ikateleza kwenye msingi wake. Ikafuata hospitali, kisha pampu za maji. Mitaa ya Ramadhani, pale Njombe mjini, ilipowaka, watu walipiga vigelegele barabarani, na dada mmoja wa saluni akataka kutusuka bure, wanaume kwa wanawake. Vijiji vya Wanging'ombe navyo vikapata, kimoja kimoja.

Chetu kilibaki cha mwisho. Mlima uliporomoka ukabeba barabara na nguzo kwa pamoja. Mpangilio ule ni wa haki, na ningeulizwa mimi ningeupanga vilevile. Lakini jaribu kumweleza hayo baba yako, anapokupigia kwa simu aliyoichaji kwenye sola ndogo ya misheni, akakuuliza kwa upole kama njia ya nyumbani bado unaikumbuka. Kwenye zahanati ya misheni akina mama wanajifungua kwa mwanga wa tochi. Na binti wa kijiji hichohicho anazunguka mkoa mzima kuwasha taa za watu wengine.

Baba hakuyasema hayo. Nilikuwa nayasikia mwenyewe.

Leo barabara imefunguliwa, tukaenda kupima njia ya laini mpya. Nilikaa mbele na fomani wetu, nina furaha ya kitoto kabisa. Tulipokata kona ya mwisho fomani akapunguza mwendo.

"Anyesi," akasema, "kuna mafundi wengine wametutangulia?"

Mteremko wote ulikuwa umejaa nguzo.

Milingoti iliyomenywa maganda, myeupe, imenyooka, imesimama kwa mstari kutoka barabarani hadi zahanati. Walikuwa wamefanya msaragambo. Kijiji kizima kilitoka, wengine kuchimba, wengine kubeba, wengine kupika, ili sisi tukifika tufunge waya tu na jioni taa ziwake. Sufuria za viazi zilikuwa bado zinafuka mvuke. Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ulikuwa tayari kwenye madumu. Mbele ya wote alisimama baba, amevaa koti lake la Jumapili.

"Kamwene," akatusalimu, kisha akamgeukia fomani. "Kazi yenu tumeipunguza kidogo."

Kwetu binti humwamkia baba yake kwa kupiga magoti. Mimi nilimpa shikamoo nimesimama, kofia ngumu kichwani, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye miti.

Niliitambua. Kwetu mtu akitaka kumwekea mwanawe akiba haendi benki, anapanda miti. Hii baba aliipanda bondeni nyuma ya nyumba mwaka niliokwenda chuo, na watu wote wanaiita miti ya Anyesi. Ilikuwa ya kuezekea nyumba yangu siku nitakapojenga.

Ameikata yote.

Fomani akaigonga kwa nyundo, mmoja, wa pili, wa tatu, kisha akanitazama. Sijui ilikuwa huruma au woga, lakini aliniachia mimi niseme.

Mti uliokatwa juzi una maji ndani. Ukiusimamisha ukiwa mbichi utapinda, utapasuka, na mguu wake utaliwa na mchwa huko chini ya udongo. Siku ukianguka na waya wenye umeme, utamwangukia mtoto anayetoka shule. Nguzo hukaushwa kwanza, ndipo ipelekwe kiwandani Makambako ikanyweshwe dawa. Hakuna njia ya mkato. Haya hata ukiniamsha usingizini nitakueleza.

Basi nikayasema. Nikayasema yote kwa ile sauti yangu ya kazini. Unyevu, mchwa, dawa, hatari. Nikasema haiwezekani, na kama vile hawakusikia, nikarudia haiwezekani. Mama mmoja akaanza kufunika sufuria polepole, kama mtu aliyegundua kuwa wageni hawaji tena.

Baba alinisikiliza hadi mwisho. Hakukasirika, na hilo ndilo linalonitafuna. Angenigombeza ningejua pa kushika.

"Hizo zenu mnazitoa wapi?" akauliza.

"Makambako, baba."

"Na hao wa Makambako miti wanaipata wapi?"

Jibu nililijua. Wanainunua hukuhuku, kwa watu kama yeye.

"Kumbe ni miti yetu hiyohiyo," akasema, "ila imekwenda mjini kusoma."

Watu wakacheka. Nami nikacheka nao.

Kisha akausogelea mti wa kwanza, akaupigapiga kwa kiganja kama anayemtuliza ng'ombe. Akaniuliza bila kunitazama.

"Na mashimo je? Nayo yanahitaji dawa?"

Fomani akaomba vijana wang'oe miti michache, akashusha kipimo chake. Mashimo yalikuwa yamekwenda chini inavyotakiwa, mengine hata kupita. Yalifuata mstari wa laini ya zamani, kwa sababu baba alikumbuka kila nguzo iliposimama. Mawili matatu tutayasogeza. Yaliyobaki yote yanafaa, na kwa mteremko ule wa mawe, kazi ya kuchimba peke yake ingetuchelewesha vibaya sana.

"Mashimo hayahitaji dawa, baba."

"Haya," akasema. Basi.

Tulikula viazi, maana kuvikataa navyo kungekuwa tusi la pili. Baba hakuketi nasi. Lori lilipogeuka kuondoka nikamwona kwenye kioo. Alikuwa amevua koti la Jumapili na kulitundika kwenye kichaka. Ameukumbatia mti, anautikisa utoke shimoni. Wazee wenzake wakaja wakashika naye. Walikuwa wanaing'oa wenyewe, ili kesho tukifika tukute mashimo wazi.

Nilitaka kumwambia fomani asimamishe gari. Sikumwambia.

Hapa Lyamkena taa inawaka. Nimeiwasha nilipoingia bila hata kufikiri, kama kila mtu anavyofanya. Tangu hapo nayarudia kichwani yote niliyomwambia baba, nikitafuta lililokuwa la uongo. Halipo. Kila neno lilikuwa sahihi, na kesho nikiulizwa nitalisema tena, maana sitaki mtu afe kwa sababu nilimwonea baba yangu haya.

Lakini katika maneno yote hayo, asante haikuwamo.

Mzee amekata paa la nyumba yangu ili akina mama wasijifungue gizani, nami nikamfundisha habari za mchwa.

Naona aibu. Nampenda baba yangu na leo nimeongea naye kama ninavyoongea na mteja.

Nguzo zimeshapakiwa kwenye lori. Tunaondoka kabla ya mapambazuko, na ukungu ukitaka utufuate. Kesho kabla sijafunga mkanda wa kupandia, kabla ya waya wowote, nitakwenda alipo. Najua atakuwa pale kwenye shimo la kwanza. Nitavua kofia ngumu, nipige magoti kwenye udongo alioutoa kwa mikono yake, nimwamkie kama mtoto wake. Kisha nitamwambia asante.

Baada ya hapo sijui nitasema nini. Labda nitamwachia yeye ashike nguzo ya kwanza ikiingia shimoni.