Aliyepaswa Kupokea Mashtaka Yangu

Jumatatu, 6 Machi
Nimepalilia mpaka mgongo ukauma. Kuni za karibu zimekwisha. Sisi na watu wa kambi ya wakimbizi tunakata vichaka vilevile. Kesho nyuma ya kilima.

Jumanne, 7 Machi
Nimerudi mikono mitupu. Balozi wetu wa nyumba kumi alinikuta huko peke yangu. Amenibaka. Neno hilo sitaliandika tena. Nimeoga, nikaoga tena.

Alhamisi, 9 Machi
Mama mkwe kaona alama shingoni. Nimesema nilianguka. Hakuamini.
Kushtaki kunaanzia kwa balozi. Kwake yeye! Ndiye aliyemtafutia mume wangu kazi Mwanza. Na mume wangu ataniuliza nilifuata nini huko. Namjua.

Jumapili, 12 Machi
Sikwenda misa. Majirani wameona shingo yangu, wananong'ona: eti ni wakimbizi walionifanyia. Sijamwambia mtu lolote, wao wameshapata jibu.

Jumanne, 14 Machi
Wamemkamata Mrundi mmoja wa kambini, anayetulimia kibarua. Balozi mwenyewe kamfunga kamba. Akaniita mbele ya watu.
"Mama Adela, usiogope. Ni huyu?"
Nikatikisa kichwa.
"Siye."
"Basi nani?"
Ananiuliza huku ananitazama machoni. Nikavuta kanga kufunika shingo. Wamemwachia Mrundi, lakini walishampiga. Damu mdomoni. Najichukia.

Jumatano, 15 Machi
Nimemwambia mama mkwe. Nilijua atanifukuza. Aliinuka akafunga mlango.
"Hata mimi ningenyamaza," akasema. "Lakini kesho watampiga mwingine. Jiandae, mwanangu. Kwa balozi hatupiti."

Ijumaa, 17 Machi
Kituo cha polisi. Watu wamejaa kaunta. Askari akauliza kwa sauti: ulipiga kelele? Mbona umekaa siku zote hizi? Nikainuka niondoke. Mama mkwe hakuinuka.
"Atasema ndani," akamwambia, "mlango ukifungwa."
Mlango ukafungwa. Nikalitaja jina.

Jumapili, 19 Machi
Jana polisi walimchukua balozi. Mkewe kapita hapa bila kunisalimu. Wengine pia. Wapo wanaosema nimemsingizia. Mume wangu huko Mwanza bado hajui. Kesi itakwendaje, sijui.
Leo nimekwenda misa. Kwenye benchi letu hakukaa mtu mwingine. Nafasi tele pande zote mbili, lakini mama mkwe alisogea mpaka bega lake likagusa langu.