Shomoro wa Bi Gunnhild

Torbjørn, usinicheke kabla sijamaliza.

Asubuhi jirani yangu Bi Gunnhild kanipigia simu. Kuna kandege kageni bustanini kwake, kana mistari ya njano kichwani. Mimi, bingwa wa ndege wa kisiwa kizima cha Utsira, sikuinuka hata kitini. Nikamwambia, "Ni shomoro huyo, mama."

Shomoro. Nilisema shomoro.

Mjukuu wake akatuma picha kwenye grupu letu la watazama ndege. Kumbe "shomoro" huyo ni ndege adimu katoka Siberia, ndiye niliyemsubiri kila vuli miaka kumi na minane. Boti ya mchana ikashusha watu sitini na darubini zao.

Nikapanga foleni nyuma kabisa. Bi Gunnhild alikuwa anagawa kahawa, akatangaza: "Mpisheni bingwa wetu, kaja kuona shomoro."

Nilipofika mbele, ndege keshaondoka.

Akanishika bega. "Pole, mwanangu. Shomoro wenyewe bado wapo."