Karibu Uliyoondoka Nayo

Shangazi yangu Mwanasiti,

Shikamoo. Najua marahaba haitarudi, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba salamu hutangulia na hoja hufuata. Nami, binti wa chuo kikuu nipendaye kuanza kila jambo kwa hoja, leo nimetii. Nakuandikia nikiwa nimeketi kwenye kizingiti cha jiko lako, hapa Msambweni. Nyumba ingalipo. Nimeona nikwambie hilo mapema, usije ukahangaika huko uliko.

Wakumbuka asubuhi ile wapimaji walipokuja? Kampuni iliyodai kwamba ardhi yetu na ya majirani zetu mpaka ufuoni ni yake ilimtuma msimamizi kutoka bara, pamoja na vijana wa Mkongani waliobeba kamba za kupimia na bikoni za saruji za kuwekea mipaka. Wao walikuwa na mawakili, walikuwa na tingatinga, walikuwa na ramani ambamo sisi hatumo. Sisi tulikuwa na nini? Baba alikimbilia panga akalikosa, maana ulikuwa umelichukua kuvunjia nazi. Mimi nilipanda juu ya kinu nikahutubia juu ya haki ya mwananchi, na walionisikiliza walikuwa mbuzi. Wewe ulikuwa ukikaanga viazi karai. Kijana wa mbele akasimama nje ya ua wa makuti, kama alivyolelewa, akaita: "Hodi!"

Nawe hukusema karibu.

Ulimjibu, "Nani mwenzangu?" Ukamuuliza hali. Ukamuuliza habari za Mkongani, za mvua, za mahindi, za mama yake. Na uliposikia kwamba mama yake anaumwa na mguu, ukauliza ni mguu upi. Akaita hodi ya pili. Ukauliza kama mbuzi wao wamezaa. Msimamizi akapandwa na hasira, akakuita mama kwa lugha ya vijana wa mjini: "Mathee, tunaingia ama hatuingii?" Ukageuka huku na huku ukimtafuta huyo mtu. "Mathee ndiye nani? Hapa hakuna mwenye jina hilo." Akawaamuru vijana waingie tu. Wakamtazama kana kwamba amewaambia waingie msikitini na viatu.

"Bosi, hajasema karibu," yule kijana akamwambia.

Hodi ya tatu uliijibu kwa sahani ya viazi uliyompitishia juu ya ua. Na kwa kuwa hodi tatu zisizopata karibu humrudisha mtu alikotoka, waligeuka na bikoni zao, wakitafuna.

Nilikasirika, Shangazi. Nilitaka mapambano, wewe ukagawa viazi! Lakini mwanao Bakari alicheka mpaka akakaa chini, akasema hii ni sinema. Basi tukaitengeneza kwa simu yake, kila mtu akiigiza nafsi yake: Baba na panga lisiloonekana, mimi na mbuzi wangu, wewe na maswali yako. Tukaiita *Hodi Tatu*. Ugomvi wetu ulikuwa mmoja tu, nao ni mwisho. Mimi niliandika hotuba ya kuhitimisha, juu ya dhuluma na historia ya pwani hii. Uliisikiliza yote bila kupiga mwayo, kisha ukasema: "Mheshimiwa, shuka jukwaani, wali unapoa." Ukashikilia kwamba filamu itaisha siku utakaposema karibu. Umwambie nani? "Mwenyewe atapiga hodi," ulisema, na hukuongeza neno.

Kisha homa. Kisha... hayo wayajua kuliko mimi.

Baada ya arubaini yako Baba akatamka kwamba atatia saini karatasi za kampuni, tuhamie kwa jamaa zake Mackinnon Road. "Mwenye nyumba keshakwenda," akasema. "Mimi nilinde kuta?" Na majirani walikuwa wakimtazama yeye, akiondoka Baba, nao wanaondoka. Nilimkabili kwa Katiba, kwa sheria ya ardhi, kwa kila nilichosomeshwa, na kadiri hoja zangu zilivyozidi kupendeza ndivyo uso wake ulivyozidi kufungika. Mgeni akibisha, tulikuwa tukitoka nje kumpokea kimya kimya. Neno lile hakuna aliyeweza kulitamka. Ungedhani tumekuzika nalo.

Alasiri moja Bakari aliegesha simu juu ya kinu apate picha ya jiko lako tupu. Hatukuwa na mwisho mwingine. Kamera ikiwa inakwenda, ikasikika sauti ya mwanamke nje ya ua: "Hodi wenyewe!"

Alikuwa mama wa makamo aliyeegemea fimbo, na kifuani amekumbatia sahani iliyofunikwa kwa leso. Sahani yako, Shangazi, ile yenye ua lililofifia. Nyuma yake alisimama kijana wa hodi, macho chini.

"Hodi tena, jamani. Nimekuja kutoa pole na kurudisha sahani." Baba alitoka hadi katikati ya ua, akaishia hapo. Yule mama akangoja, kisha akasema, kama anayemjibu mtu aliye jikoni: "Nilisikia kuna aliyeniulizia mguu. Ni wa kushoto. Na umepoa, alhamdulillahi. Mbuzi naye amezaa pacha."

Bakari alicheka, huku machozi yakimtoka.

"Hodi," mama akaita mara ya tatu, kwa sauti ndogo.

"Karibu," Baba akasema. "Karibu ndani, dada yangu. Karibuni nyote."

Sahani haikurudi tupu, ilijaa mahamri. Na ule ndio mwisho wa filamu.

Tuliionyesha Jumamosi kwenye ukumbi wa kijiji, madirisha tumeyaziba kwa leso za majirani. Watu walicheka mpaka vikatafutwa vitambaa vya kufutia machozi. Hotuba yangu kwa mbuzi ilichekwa kuliko yote, nami nilicheka nao. Ilipofika hodi ya tatu, kabla Baba wa kwenye filamu hajafungua kinywa, ukumbi mzima ulijibu: "Karibu!" Baba mwenyewe akasimama. "Mimi siendi Mackinnon Road," akasema. Akanyanyuka jirani wa kwanza, akanyanyuka wa pili: nasi hatuendi. Kesi yetu na kampuni juu ya ardhi ingali mahakamani, sitakudanganya, lakini sasa tunakwenda huko sote, na kampuni italazimika kutuuliza sote habari zetu.

Mtu akapiga kelele, "Mheshimiwa, hotuba!" Nilikuwa nayo mfukoni, iliyonyooka, yenye moto. Nikawaambia, "Wali unapoa," tukaenda kula.

Pumzika, Shangazi. Nakuahidi nitaendelea kupigana, na nitasoma sheria mpaka mwisho wake; lakini sitapigana tena bila kuuliza kwanza hali ya mguu wa mama wa mtu. Jiko lako lina moto, na karibu yako imerudi nyumbani. Siku nami nitakapofika mlangoni kwako, nitapiga hodi kama nilivyolelewa. Tafadhali, usiniulize habari za mbuzi.

Binti wa kaka yako,
Mejumaa