Maduara Matupu ya Sadaf

Jumapili, 5 Novemba

Alama 204. Alhamdulillahi. Sadaf kamaliza chai yake, kaniuliza mimi mama yake, "Ngapi, Ammi?" Nikamwambia. "Sawa," kasema, kaenda kuoga. Sawa tu! Zamani kule kwetu Siwan kwa alama kama hizo angemwamsha bibi yake kwa furaha.

Kazi ya kusahihisha ni yangu tangu tuhamie hapa Kota mwezi wa Aprili. Mimi niliishia darasa la nane. Maswali yenyewe siyajui mbele wala nyuma, lakini herufi nazijua. Kituo anakojiandaa na mtihani wa kuingia chuo kinatuma majibu sahihi kwenye simu, nami naangalia nakala ya karatasi yake ya majibu: swali la kwanza B, kajaza duara la B, tiki. Akipata, anapewa nne. Akikosa, anakatwa moja. Akiacha duara tupu, hapati wala hakatwi. Fizikia, Kemia, Hesabu, ishirini na tano kila somo. Bismillahi, penseli nyekundu, naanza.

Leo niliimwagia chai nakala, upande wa Hesabu. Nikachukua kijitabu cha maswali kinisaidie, maana humo huwa anazungushia jibu kwanza ndipo alihamishe. Na hapo ndipo kichwa changu kilipovurugika. Swali la 54 kazungushia C. Jibu ni C. Nikaipeleka nakala dirishani — si chai iliyofuta. Duara ni tupu. La 58 vilevile. La 59 vilevile. Nikarudi nyuma mpaka Fizikia. Maswali kumi na tisa kayapata kijitabuni, na hakuyahamisha.

Labda muda ulimwishia. Lakini la 59 kaliacha, la 60 kalijaza.

Jumatatu, 6 Novemba

Nilimuuliza kwa njia ya mbali. Unapohamisha majibu, unaona vizuri? Anaona. Mistari haichezi? "Ammi, wali unapoa."

Nikampeleka kwa daktari wa macho hata hivyo. Kwa skuta ya Mama Ishita — nikiendesha mimi! Mara ya kwanza nimebeba mtu. Mama Ishita ni jirani yetu wa mlango wa pili, ametoka Hisar, yuko hapa mwaka wa pili na binti yake. Ndiye aliyenifundisha, kwa kunipigia kelele uwanja mzima. Sadaf alinishika kiuno, na kila kona akisema, "Pole pole, dereva."

Daktari kasema macho ya huyu yanasoma hata mawazo ya mama yake. Sadaf akacheka. Mimi nilikaa na risiti yangu mkononi.

Alhamisi, 9 Novemba

Mama Ishita anasema watoto wanaogopa kukatwa. Mtoto akiwa na shaka hata kidogo, anaacha. "Ishita wangu haogopi," anasema. "Anajaza yote, wanakata yote." Nilicheka mpaka njegere nilizokuwa namenya zikamwagika.

Lakini shaka gani ile, kumi na tisa, na zote kapatia?

Kwenye darasa letu la Kurani la wanawake nilimuuliza mwalimu, bila kutaja jina. Alisema huenda ni husuda. Nikasoma Ayatul Kursi juu ya glasi ya maji. Sadaf kanywa, kasema maji yananuka jagi.

Jumapili, 12 Novemba

Diwali. Kituo kimefungwa siku nne, nusu ya watoto wameenda kwao. Baba Sadaf, aliyebaki Siwan na duka lake, alitaka twende na sisi. Sadaf kakataa, ana sura tatu za Kemia. Nisiandike uongo — nilifurahi. Nyumbani tuko kumi na mmoja na jiko ni langu.

Mchana Bi Kaushalya, mwenye nyumba, alituletea ladu, vile vitamu vya mviringo, kwenye sahani ya chuma. Alisimama mlangoni akisema ameshukuru sana kusikia tutabaki mwaka mwingine mzima baada ya Aprili. Ukitaka nipake rangi jikoni, sema mapema.

Mwaka mwingine? Nani kasema?

"Binti yako. Wiki mbili sasa."

Nilimpa sahani yake na sevai, tambi za sukari, juu yake, nikafunga mlango, nikakaa. Mtihani wenyewe wa kuingia vyuo vya uhandisi ni Januari, halafu Aprili. Anayebaki mwaka mwingine ni aliyeshindwa. Sasa mtoto amejuaje Novemba kwamba atashindwa?

Sikumuuliza. Alikuwa amelala na kitabu tumboni, vumbi la ladu kidevuni.

Jumanne, 14 Novemba

Sadaf alikwenda maktaba. Nikavuta sanduku chini ya kitanda, nikatoa mitihani yote ya tangu Agosti, kila nakala na kijitabu chake. Nimesahihisha upya asubuhi nzima, chakula cha mchana kikawa chai na rusku, ule mkate mkavu.

203. 206. 204. 207. 204. Na kila mara, kijitabuni, majibu sahihi ambayo hakuyahamisha: kumi na moja, kumi na nne, kumi na tisa. Angeyahamisha, angekuwa anapita 240.

Mtu anayeshindwa hashindwi kwa kipimo namna hii. Huyu anapanga. Lakini mbona kila mara anakomea hapohapo, mia mbili na kitu kidogo?

Nikaswali adhuhuri. Kwenye rakaa ya tatu nikakumbuka, Mungu anisamehe kwa kukumbuka ndani ya sala: 210. Akifika 210 anahamishiwa darasa maalumu. Wale ndio wanaopata nafasi, kila mwaka, Kota nzima inajua. Wanalala bweni la kituo, ng'ambo ya mto Chambal, bure. Mzazi haingii ila Jumapili ya kwanza ya mwezi. Na mtihani wa mwisho wa kuhamia ni tarehe 3 Desemba.

Baba Sadaf alishasema tangu siku ya kwanza. Akiingia bweni, Mama Sadaf, wewe panda treni urudi, mama yangu amechoka na chakula cha mikono ya wengine.

Basi hataki mimi niende? Au hataki kwenda yeye? Ana miaka kumi na saba. Hufunga mwenyewe mlango wa chumba chake nisiingie.

Jumapili, 19 Novemba

207.

Nimeandika namba, nikafuta, nikaiandika tena. Leo nilipokuta duara la kwanza tupu, kifua changu kilitulia. Kilitulia, kama nimetua ndoo. Mama gani huyu. Astaghfirullah.

Alhamisi, 23 Novemba

Nimesema. Sikupanga. Nilikuwa nasukuma roti, akaja kuiba ya juu.

Nikamwambia, "Sadaf, swali la 54 la tarehe 5 lilikuwa C."

Akasimama na roti mdomoni. Akaitafuna yote kwanza. "Umejua lini?"

"Siku hiyohiyo. Nilidhani ni macho."

"Ndiyo maana tukaenda kwa daktari." Akataka kucheka, ikashindikana. Akakaa juu ya gunia la mchele. "Nikipata 210 unarudi Siwan."

"Ndiko kwetu."

"Ammi, kule mara ya mwisho umenunua vitunguu mwenyewe lini?"

Nikasema baba yake mdogo analeta vitunguu. Vitunguu vizuri.

"Hapa unaendesha skuta. Unasoma. Juzi umegombana na muuza kabichi ukamshinda."

"Alikuwa ananipunja."

"Si ndilo hilo ninalokwambia."

Nikamwambia mwaka wake si kanga ya kunizawadia. Nimemleta hapa aje asome, si aje anilee. Nilisema kwa ukali, unga mpaka viwikoni. Akaniangalia.

"Usijipe ukubwa, Ammi. Si yote kwa ajili yako."

Kisha kwa sauti ndogo akasema mengine. Kule bwenini kila wiki wanabandika majina ukutani, wa kwanza mpaka wa mwisho. Kuna msichana aliyekuwa akiketi naye hapa, alihamia Septemba, siku hizi wakikutana getini anamsalimia huku akinong'ona fomula. "Hapa nikianguka unajua wewe tu. Na chai iko mezani."

Basi ni lipi? Mimi au bweni?

"Sijui. Ningejua ningeshakwambia."

Na ule wa Januari, ule wa kweli, utaacha maduara pia? Hilo ndilo nililotaka kuuliza kuliko yote. Nikauliza. Akasema bado hajafika huko. Bado hajafika huko! Kama ni kituo cha treni.

Roti iliungua. Tumeila hivyohivyo, kila mtu upande wake wa meza.

Jumatatu, 27 Novemba

Naswali istikhara kila siku, Mungu anionyeshe njia. Sijaonyeshwa kitu. Mara moja nimeota jiko la nyumbani, na sijui kama hilo ni jibu au ni jiko tu.

Sadaf anasoma. Hatujalitaja tena. Jana kaniletea mkoba wangu wa Kurani nilipousahau, kanikimbilia mpaka kwenye ngazi, akanipa, akarudi vitabuni.

Namwomba Mungu afaulu. Halafu namwomba nibaki. Halafu naona aibu kuomba yote mawili kwenye sijida moja, nainuka kabla sijasema amina.

Jumamosi, 2 Desemba

Nimempigia Baba Sadaf. Nilisubiri afunge duka kwa chakula cha mchana. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi nisiyasahau.

Nikasema, mtoto akihamia bweni, naomba nikae Kota mpaka Aprili.

Kisha akauliza, si kwa hasira, "Ukae ufanye nini?"

Kwenye karatasi yangu hilo halikuwemo. Nilikuwa nimeandika chakula cha Jumapili, nguo za kufua, mtoto akiugua. Badala ya hayo nikasema nimefika sura ya Yasini na mwalimu anasema matamshi yangu yanakaa sawa. Nikasema nina wenzangu hapa. Nikasema na skuta.

"Skuta gani?"

Sikuwa nimewahi kumwambia.

Alicheka kidogo, au alikohoa, sikuweza kutofautisha. Akasema atazungumza na mama yake, atanipigia kesho. Miaka kumi na tisa nimeolewa, sikumbuki kumwomba kitu ambacho si cha mtoto au cha jikoni.

Nilipotoka chumbani Sadaf alikuwa kasimama mlangoni, kalamu sikioni.

"Umemwambia skuta?"

"Ilinitoka."

"Amesema nini?"

"Kesho."

"Na mimi ni kesho," akasema. Akanikumbatia mabegani kwa mkono mmoja, jambo ambalo hajafanya tangu awe mrefu kuliko mimi, akarudi kwenye Hesabu zake. Sikumwambia ajaze. Sikumwambia aache.

Jumapili, 3 Desemba

Karudi saa nane. Kaweka nakala mezani, kifudifudi. Hakwenda kuoga. Kavuta kiti, kakaa mbele yangu na chai yake, hanywi.

"Hesabu, Ammi."

Majibu yameingia kwenye simu saa tisa kasorobo. Naandika huku nasahihisha, mkono usikae bure. Fizikia imekwisha: amejaza yote, makosa mawili. Kemia imekwisha: amejaza yote, makosa matatu. Sijajumlisha. Sitaki kujumlisha nusunusu.

Hesabu. 51, tiki. 52, tiki. La 57 kakosa, wala hakushtuka nilipoweka alama.

Simu inaita, majibu yamepotea kwenye kioo. Ni Baba Sadaf.

"Pokea," Sadaf anasema.

Niko swali la 63. Mpaka hapa hakuna duara tupu hata moja. Inaita bado. Namwambia ngoja kwanza, nimalize Hesabu, lakini majibu ya Hesabu yamo kwenye simu hiyohiyo. Naweka penseli, napokea.