Jina Usiloniita

Chumbani kwangu,
Jumapili, nguo zikiwa kambani.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana ni ndefu na magoti yako nayajua. Yanaendeleaje? Na ile dawa ya kuchua aliyokuletea kaka, unaitumia au umeificha kabatini ukisubiri kuumwa zaidi? Mimi binti yako wa pekee ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, na kile kikohozi ulichokisikia kwenye simu kimekwisha, kwa hiyo usianze kufunga vifurushi. Hakuna aliyekufa huku wala hakuna aliyefukuzwa kazi. Nasema mapema ili moyo wako utulie.

Nakuomba jambo moja kabla hujaendelea. Usimpe kaka akusomee. Vaa miwani yako, ile uliyoifunga uzi, rudisha mlango, usome mwenyewe. Ningeweza kukupigia, lakini wewe na simu mnajuana. Mtu akinyamaza kidogo kutafuta neno, unapiga kelele kwamba mtandao umekatika, kisha unakata wewe.

Huwa unaniuliza kama nimezoea huku. Nimezoea, ndiyo, kama mtu anavyozoea kiatu kinachombana. Chumba changu kiko ghorofa ya tatu na dirisha linatazama ukuta wa jengo la pili, karibu sana, nyufa zake zote nazijua. Jirani wa kushoto ni dereva wa lori. Nakutana na viatu vyake mlangoni mara nyingi kuliko ninavyokutana naye. Wa kulia ni mama mwenye redio. Tukipishana kwenye ngazi tunaulizana habari za kazi, tunajibiana nzuri, kila mtu anaingia kwake na kufunga. Jumapili kama hii naweza kushinda siku nzima sijatoa sauti, na nikienda kununua mkate nakohoa kwanza ili koo likumbuke kazi yake. Ni upweke, mama. Sikutaka kulisema neno hilo kwenye simu ukakosa usingizi.

Kazi yenyewe haina ubaya. Nilikwambia ni kwa dobi, na kaka akacheka kwamba nimesafiri mbali kote huko kwenda kufua. Lakini duka letu la udobi ni kubwa, lina mashine za mvuke, na wateja wetu ni hoteli, hospitali na mabwana wenye mashati mengi kuliko siku za kuyavaa. Shati moja hupita kwa watu wanne. Mmoja anapiga pasi mikono, mwingine mgongo, mwingine kifua, na mimi kola. Kwa kuwa mvuke unapiga kelele na hakuna mwenye muda wa kujifunza majina ya watu, kila mmoja anaitwa kwa kipande chake. Yupo Mikono, mama mnene mcheshi anayetuvunja mbavu tangu asubuhi. Yupo Mgongo, ambaye kweli mgongo unamuuma, maskini. Yupo Kifua, bwana mwembamba ambaye hicho kifua sijui alikiacha wapi. Na mimi ni Kola. Kola, harakisha! Kola, njoo unywe chai! Mwanzoni nilicheka sana. Kisha siku moja, nikiwa nimeshika pasi, nikagundua kwamba tangu nifike huku hakuna hata mtu mmoja aliyetamka jina langu. Kaka akipiga simu ananiita mdogo wangu. Na wewe, mama, hujawahi kulitamka hata nilipokuwa nyumbani.

Nimelisema, na sitalirudisha. Nimechimba kumbukumbu zangu zote na sijapata siku uliyoniita Itika. Ulipotaka nije ulipiga makofi mawili, au uligonga sufuria kwa mwiko, nami nikajua ni mimi. Uliniita wewe, mwanangu, kipenzi, we msichana. Ukikasirika ulinigawia majina ya wanyama wote wa porini. Kaka ulimwita jina lake mpaka majirani wakalichoka. Hata leo ukipiga simu huanzi na haloo. Unauliza, "Ni wewe?" nami nakujibu, "Ni mimi," na mazungumzo yanaanza hivyo, kama watu wawili wanaopapasana gizani.

Wala si kwamba jina hili lilinipa raha kwingine. Siku yangu ya kwanza shuleni mwalimu aliita, "Itika!" na darasa zima likamwitikia, wavulana "Naam!", wasichana "Abee!", mpaka mwalimu mwenyewe akainamia meza kwa kicheko. Mchezo huo ulidumu miaka. Nilirudi nyumbani nikilia, nikamuuliza baba jina hili limetoka wapi. Marehemu baba, Mungu ampumzishe, hakuwahi kukosa jibu. Mara lilikuwa jina la malkia wa nchi ya mbali mwenye meno ya dhahabu. Mara alilisikia redioni. Mara lilidondoka kutoka angani, naye akalidaka kabla halijaingia vumbi. Kila hadithi niliimeza nzima, na nilipokua nikajua mzee alikuwa anatia chumvi. Wewe nilikuuliza mara moja tu. Ulikuwa unachambua mchele. Ukasema nimuulize baba yangu, ukainuka na ungo wako ukaenda kumalizia uani. Nilikaa pale nikiokota punje zilizomwagika, na sikukuuliza tena.

Badala yake nikawa namtafuta mwenzangu wa jina. Nimewauliza walimu, wauguzi, abiria niliokaa nao kiti kimoja. Nilimuuliza karani anayeandikisha watoto wachanga; akasema ameandika majina ya kila namna, mengine anayaonea haya, lakini hilo ndiyo kwanza analisikia kwangu. Nimeandika kwenye simu, na simu ikaniuliza kama nilikusudia neno jingine. Watu wengi wana jina ambalo likitajwa sokoni hugeuka vichwa vitano. Langu likitajwa, wanadhani umewaamuru.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Mwezi uliopita tajiri wetu aliamua kila mfanyakazi avae beji yenye jina, ili wateja wajue wanamshukuru nani au wanamlaumu nani. Mchonga beji alikuja akawa anapita kwa kila mtu. Aliponifikia mimi nilimwambia aandike Kola. Sikusita hata kidogo. Nilijiambia, jina ambalo haliitwi na mtu, hata na yule aliyenizaa, nalibebea nini? Na sikuishia hapo, mama. Nilikuwa nimeamua nikipata likizo niende ofisini kulibadilisha kabisa, nijitafutie jina rahisi, la watu wote, nife nalo.

Wiki hiyohiyo mpokezi wetu aliugua, nikawekwa mimi mbele kupokea wateja. Akaingia mama mmoja wa makamo yako, amenyooka wima, amebeba mfuko wenye gauni moja tu jeupe. Nililitambua gauni kabla sijamtazama mwenyewe usoni, maana kola yake nimeipiga pasi mara nyingi. Ni sare ya mkunga. Alistaafu zamani, anaishi na mwanawe huku mjini, lakini kila mwezi huileta sare hiyo ifuliwe na kunyooshwa, kisha huitundika ukutani. Akasema amekuja kumshukuru anayeinyoosha kola, kwa kuwa anaikunja vile hasa alivyokuwa akiikunja yeye siku za kazi. Nikasema ni mimi. Akauliza naitwa nani, nikasema Kola. Akacheka, akasema amezalisha wanawake wengi sana na hakuna hata mmoja aliyezaa Kola.

Kwa hiyo nikamwambia jina langu la kweli. Mama, yule mwanamke hakucheka wala hakujitia kuitika. Aliweka mfuko chini. Akaniuliza kama nilizaliwa kwenye ile zahanati yenye mlango wa buluu, karibu na kinu cha kusaga. Nikamwambia ndiyo, hapohapo. Akasema kwa kadiri anavyojua yeye kuna Itika mmoja tu duniani, na siku jina hilo lilipopatikana yeye alikuwepo. Alinishika mikono yote miwili, akaniuliza kama mama yangu yu hai, akafurahi kusikia u hai. Kisha akanipa pole ya mwenzangu.

Nikamuuliza mwenzangu yupi.

Hapo akaziba mdomo kwa kiganja, akataka kuondoka. Alidhani najua. Alisema si mahali pake, na nakuomba usimlaumu, kwa sababu mimi ndiye niliyezuia. Niliikumbatia ile sare yake nikamwambia hataipata mpaka aseme. Mikono akatoka nyuma kuona kuna nini, akatutazama, akanipokea zamu bila kuuliza. Tukaenda kukaa kwenye benchi nyuma, pale mashuka yanapoanikwa, na mkunga akanieleza.

Aliniambia tulikuwa wawili na hakuna aliyejua, wewe wala yeye. Aliniambia dada yangu alitangulia, na alitoka kimya. Mkunga akawa anamsugua na kumpulizia, na wewe ukawa unamwita. Hukuwa na jina la kumwitia, ndipo ukawa unasema itika, itika mwanangu, itika, bila kupumzika. Wote mlikuwa mmemwinamia yeye. Katikati ya hayo mimi nikaja, upesi, bila kungojwa na mtu, na nikalia kwa nguvu zangu zote.

Baba alikuwa nje ya mlango. Alikuwa amesikia kila ulivyoita, amesimama roho mkononi. Aliposikia kilio hakungoja kufunguliwa. Alikimbia uani kwa ndugu na jirani, akipiga kelele kwamba ameitika, ameitika! Watu wakashangilia, na bibi mmoja akasema basi na awe Itika, wote wakalipokea jina kwa vigelegele. Mkunga alipotoka kumweleza kwamba aliyelia siye aliyekuwa akiitwa, jina lilikuwa limekwisha kushika uani kote. Alisema baba aliegemea ukuta, kisha akamwomba asimwambie mtu. Na ndani wewe ulikuwa umetushika sote wawili, mmoja huku na mmoja huku, na uliposikia watu nje wanavyoniita, uligeuza uso ukutani.

Mama, hayo ndiyo niliyotaka usome ukiwa peke yako.

Sikufanya kazi tena siku ile. Nilirudi chumbani nikaketi mbele ya ule ukuta wangu, na nililia mpaka mama wa redio akazima redio na kugonga mlango. Aliniletea chai. Hakuuliza chochote, nami sikumweleza, lakini alikaa mpaka kikombe kikaisha. Nimelia kwa ajili yake, dada yangu. Nimelia kwa ajili ya baba, na wale malkia wake wote wa meno ya dhahabu. Kumbe alikuwa ananishonea pazia nisione. Zaidi nimelia kwa ajili yako. Miaka yote nilidhani hulipendi jina langu, na siku za upweke mkubwa nilidhani hunipendi mimi. Sasa naelewa kwamba neno hilo lilikuwa lake. Ulilitumia lote kwake, na halikurudi na kitu. Kisha kila siku watu wanalipiga kelele uani, na anayetokea mbio ni mimi.

Sina kinyongo, hata chembe. Ningekuwa wewe, hata mwiko nisingeushika nikagonga sufuria. Ila nami nataka kukwambia jambo, na ulipokee kama linavyotoka. Yule mkunga aliniambia kwamba nililia ulipokuwa bado unaita. Sijui mtoto wa dakika moja anasikia nini. Lakini ulikuwa unaita, nami nilikuja. Najua si mimi uliyekuwa ukimtaka dakika ile. Nilikuja hivyohivyo.

Asubuhi yake nilimfuata mchonga beji kibandani kwake nikamwomba anichongee nyingine. Alinung'unika kidogo, akachonga. Siku ya kwanza kuivaa mteja mmoja aliisoma kwa sauti, kisha akajijibu mwenyewe "Naam!" na kucheka peke yake. Nilimwacha afurahi. Mikono sasa ananiita Itika, kwa kuvuta, kama anaimba. Kifua bado ananiita Kola, na nadhani atazikwa ananiita Kola. Ofisini siendi kubadilisha chochote.

Msalimie sana kaka na mwambie ile dawa ya magoti akupake mwenyewe kama wewe ni mbishi. Wasalimie jirani wote wanaoniulizia. Mkunga naye anakusalimu. Anasema hakukusahau, na akipata mtu wa kumsindikiza angependa kuja kukuona. Mama wa redio pia amesema nikufikishie salamu, ingawa hakujui.

Jumapili ijayo nitakuwa chumbani tangu asubuhi, simu ikiwa mezani. Nipigie, mama. Usiniulize kama ni mimi. Liite lile jina, mara moja tu, na kama unalimwitia yeye, mwitie yeye. Nitaitika kwa sauti ya kututosha wawili. Na likikwama kooni, usikate. Nyamaza tu. Nitajua mtandao upo.

Nakupenda na nakushika magoti yako yanayouma.

Ni mimi, binti yako wa pili,

Itika.